Hatua Tatu

Mimi ndiye niliyekuwa naosha mashine ya zege.
Nianze na hilo, lisije likatoka kinywani mwa mwingine.
Miezi saba, kila jioni, penye kalvati ya Nanyamba,
ndoo kumi na mbili za maji,
na maji yakageuka uji wa kijivu,
nami nikayachimbia njia kwa koleo
yashuke shambani kwa Somoe Nantende.
Msimamizi alisema, mwaga huko, si pori tu.
Pori lenye matuta.

Sasa lami imeshika, kampuni imehama na makontena yake,
na mimi nimepata kibarua kingine:
nambebea ndoo bwana udongo kutoka Naliendele,
kijana mpole, viatu vina vumbi la wilaya tatu.
Kekee inazama, inatoka na ulimi wa ardhi.
Anaukoroga kikombeni, anachovya karatasi,
anasubiri kama anayesubiri chai ipoe.

Ukingoni mwa mtaro, buluu.
Buluu ya sare ya shule siku ya kwanza.
Hapa njugu mawe zimeota zikajuta:
majani yamepauka, mishipa tu ndiyo kijani,
kama mgonjwa aliyekonda hadi njia za damu zinahesabika.
"Zimekosa chuma," anasema.
Somoe anacheka kwa pua.
Ardhi nyekundu hivi, inayotia kutu soksi za watoto,
ikose chuma?
"Kimo, mama. Kimefungiwa. Saruji imekifungia."
Natazama ndoo.
Kufuli hilo nimelibana mimi,
mara kumi na mbili kila jioni.

Mahali pipa la lami lilipopasuka hakupimiki.
Maji yanakaa juu kama shanga.
Hata mchwa wanapita kando.

Tukaingia ndani, chini ya mikorosho,
mbali na barabara, mbali na koleo langu.
Karatasi ikawa chungwa, ikaendelea, ikakaribia damu.
Nikashusha pumzi. Mungu anisamehe, nilifurahi:
huku si mimi.
"Salfa," akasema. "Mmepuliza miaka mingapi?"
Somoe akahesabu vidole, akavirudia.
Tangu marehemu Mchopa anunue mashine ya mgongoni,
kila msimu wa maua, unga wa manjano,
ubwiri unakufa, korosho zinashika, ada inalipwa,
na masika ikija inauosha unga chini,
unachacha taratibu, bila kumwambia mtu.

Yeye hakuhitaji karatasi.
Alitia kidole ardhini, akakilamba, akatema.
"Kule magadi. Hapa ukwaju.
Mimba ya Muhidini nilikuwa nakula udongo wa hapahapa.
Haukuwa na jina mdomoni."

Walipokuja kulipa fidia walipaka mikorosho minne rangi nyekundu,
wakahesabu minne, wakalipa minne.
Udongo haukuwa na mstari wake kwenye fomu.

Lakini kati ya magadi na ukwaju
pana ukanda, nikaupima kwa miguu, hatua tatu.
Hapo karatasi ilitulia kijani.
Somoe akang'oa shina moja: njugu zimejaa,
nzito, zimebana kama meno ya mtoto.
Vumbi langu na unga wake vimekutana hapo
vikafutana, hakuna aliyevipangia.
Bwana udongo alifurahi kweli. Alipiga picha,
akaandika, akapiga nyingine.
"Basi nihamie hapa," Somoe akasema,
"nilime upana wa kitanda,
nilale huku nikivuna."
Akatufungia njugu kwenye kanga, akatupa sisi wote wawili.
Mimi na yeye hatukutazamana.
Sijui kama anajua.
Nanyamba si kubwa kiasi hicho. Anajua.

Jua lilipopungua nikaambiwa nioshe vikombe.
Nikaviosha, kimoja kimoja, nikavipanga.
Kisha nikabaki na yale maji ndooni,
nimesimama katikati ya shamba,
namngoja Somoe
anionyeshe pa kumwaga.